Umeamkaje? Maswali ninayoulizwa sana kuhusu kulala na kuamka ukiwa umepumzika

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi hii hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini, mingi kati ya hiyo nikiingia zamu za usiku, na nyumbani kwangu ni Mbagala. Kila asubuhi mtu ananiuliza "umeamkaje?" nami najibu "salama" kama wote tunavyojibu, hata siku ambayo sikupata lepe la usingizi. Majirani, wagonjwa na vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu wananiuliza maswali yaleyale, nikaona niyajibu mahali pamoja. Saa zote humu ni za Kiswahili.

Kuamka umepumzika ni kuamkaje hasa?

Usijipime ukiwa bado kitandani. Jipime saa nne asubuhi. Saa hiyo ukiwa umekaa mahali patulivu, hujanywa kahawa, je, macho yanajifunga yenyewe? Unasoma ujumbe mara mbili ndipo uuelewe? Mtoto akimwaga chai unalipuka kana kwamba amechoma nyumba? Kama majibu yote ni hapana, usiku uliopita ulikutosha, hata kama ulipoamka ulitamani kuendelea kulala.

Nasema saa nne kwa sababu. Ndani yetu kuna nguvu mbili, na aliyezieleza vizuri ni mtafiti Alexander Borbély wa Zurich mwaka 1982. Ya kwanza ni njaa ya usingizi: tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini inazidi kujikusanya kwenye ubongo, na kadiri inavyojaa ndivyo unavyozidi kutaka kulala. Ukilala, inapungua. Ya pili ni saa ya mwili, inayotuambia sasa ni mchana, sasa ni usiku, bila kujali tumelala kiasi gani. Asubuhi ikishapanda, saa ya mwili inakusukuma uwe macho. Ukisinzia wakati huo, maana yake njaa ya usiku haikushibishwa. Kusinzia saa nane mchana baada ya ugali ni jambo jingine, kwa sababu wakati huo saa ya mwili yenyewe hulegea kidogo, hata kwa mtu aliyelala unono.

Mbona kila nikiamka najisikia mzito, kama nimelewa?

Hayo mang'amung'amu ni ya kawaida. Ubongo hauwaki wote kwa pamoja kama taa, na sehemu ya kufikiri na kuamua huchelewa. Kwa wengi uzito huo unaisha ndani ya dakika 15 hadi 30, kwa wengine hufika saa nzima, hasa ukiamshwa katikati ya usingizi mzito au ukiamka gizani. Mwanga wa jua huusaidia ubongo kuamka, na hapa kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili au kupita kidogo. Kwa hiyo anayetoka kitandani saa kumi anaanza siku bila msaada huo.

Ninachowaomba vijana wa bodaboda ni kwamba wasipande pikipiki dakika tano baada ya kufumbua macho. Nawa uso, tembea, ongea na mtu, ndipo uwashe.

Lazima nilale masaa nane?

Hapana, lakini usifurahi haraka. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa usingizi wa Marekani lilikubaliana kwamba mtu mzima anahitaji masaa saba au zaidi kila usiku ili abaki na afya. Wengine wanahitaji saba, wengine tisa, na huwezi kuyajua mahitaji yako kwa kumwangalia jirani.

Mwaka huohuo 2015 ulitoka utafiti uliowahusu ndugu zetu Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi bila umeme. Wengi wetu tungedhani wanalala mara jua linapozama. Walikuwa wanalala baada ya masaa matatu hivi ya giza, na usingizi wenyewe ulikuwa kati ya masaa 5.7 na 7.1. Ila muda waliokuwa wamejilaza ni kati ya masaa 6.9 na 8.5. Hapo ndipo watu wanapojidanganya, kwa sababu anayejilaza masaa sita hapati sita za usingizi. Kuna dakika za kusubiri usingizi uje, na kuna kujigeuza, mbu na kwenda msalani.

Utafiti mwingine wa Wahadzabe, wa mwaka 2017, ndio ninaoupenda zaidi. Kwa siku 20 watu wazima 33 walifuatiliwa usiku, na kwa muda wote huo zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Kila wakati kulikuwa na aliye macho, anayejigeuza au anayetikisa moto. Kwa hiyo ukishtuka saa nane usiku kisha ukalala tena, hujaharibikiwa na kitu.

"Shikamoo mama. Mimi ni konda, nalala saa tano, naamka saa kumi kasoro. Nimeshazoea. Kuna ubaya?"

Marahaba mwanangu. Kuna ubaya, na ubaya wake ni hilohilo neno "nimeshazoea".

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya jaribio lililochukua siku 14. Kundi moja lililala masaa manane, jingine sita, jingine manne, na kila siku walipimwa umakini. Wa manane walibaki vizuri. Wa sita na wa manne walizidi kushuka siku hadi siku, mpaka wakafanana na watu waliokesha usiku mmoja au miwili mfululizo bila kulala kabisa. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi kidogo tu. Mwili haukuzoea kupungukiwa. Walichopoteza ni uwezo wa kujua kwamba wamepungukiwa.

Na kuna la pili. Usingizi unakuja kwa mizunguko, kila mmoja dakika 90 hivi. Mizunguko ya mwanzo ina usingizi mzito mwingi, ule wa kujenga mwili. Ya mwisho, ya kuelekea alfajiri, ina usingizi wa ndoto kwa wingi. Huo uligunduliwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman huko Chicago, wakatangaza mwaka 1953 baada ya kuona macho ya waliolala yakikimbia huku na huku chini ya kope. Usingizi wa ndoto unahusika na kumbukumbu na kutuliza hisia. Ukiamka saa kumi kila siku hukati kila aina sawasawa, unakata huo wa ndoto zaidi. Ninapopanda gari la alfajiri Mbagala Rangi Tatu na kuona watu wanavyogombana kwa kukanyagana kidole, nawaza tumeacha nini kitandani.

Najua kosa si lako. Nauli, umbali, foleni ya kurudi jioni na bosi anayetaka gari liwe kituoni kabla ya saa kumi na moja havibadiliki kwa ushauri wa muuguzi. Mji umejengwa hivyo, kazi ziko Posta na Kariakoo, sisi tuko Chanika, Bunju, Gongo la Mboto. Lakini asubuhi ikikubana, usiku una nafasi. Wengi wanaofika nyumbani saa tatu hulala saa sita, na ukiuliza yale masaa matatu yamekwenda wapi, mawili yapo kwenye simu. Andaa nguo jioni, oga, kula mapema unavyoweza, simu ichajiwe sebuleni. Ukilala saa tatu na nusu ukaamka saa kumi, umepata sita na nusu badala ya tano. Na wewe unayenunua bando la usiku kwa sababu ni rahisi, bei yake nyingine unailipa asubuhi.

Jumapili nikilala mpaka saa sita mchana, deni linalipika?

Sehemu tu. Usiku mmoja au miwili mirefu itakupa nafuu ya kweli, lakini wiki nzima ya masaa matano hairudi kwa asubuhi moja. Tena ukiamka saa sita mchana, usiku wa Jumapili usingizi hauji, na Jumatatu saa kumi unaamka ukiwa hoi kuliko Ijumaa. Afadhali Jumamosi ulale mapema, na Jumapili uzidishe saa moja au mbili, basi.

Nikikaa tu kwenye daladala nasinzia. Ni ugonjwa?

Kuna kipimo kilichotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, na unaweza kukifanya ukiwa hapo kwenye kiti. Kinauliza uwezekano wako wa kusinzia katika hali nane: ukisoma; ukitazama televisheni; ukikaa kimya mahali pa watu kama msikitini, kanisani au mkutanoni; ukiwa abiria kwenye gari saa nzima bila kusimama; ukijilaza mchana; ukiongea na mtu; ukikaa kimya baada ya chakula cha mchana bila pombe; na ukiwa ndani ya gari lililosimama dakika chache kwenye foleni. Kila hali unajipa alama 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 24. Ukizidi 10, usingizi wako una walakini na unastahili kuangaliwa.

Kusinzia ukiwa abiria wa safari ndefu ni alama ndogo tu. Ila anayesinzia katikati ya maongezi, au dereva anayesinzia gari likiwa limesimama Mwenge, huyo asingoje.

Joto la Dar linaniua. Nifanyeje?

Hili ndilo swali la Desemba hadi Machi, na ni la haki. Ili usingizi uingie na ukae, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo. Mwili hulitoa kupitia ngozi ya mikono na miguu, na kupitia jasho linalokauka. Kwetu hewa ina unyevu, jasho halikauki, na nyumba ya bati iliyochomwa na jua mchana kutwa inaendelea kupumua joto hadi usiku wa manane. Ukilala kwenye joto hilo, usingizi mzito na ule wa ndoto vyote hupungua. Unaweza kulala masaa nane ukaamka umevunjika, na mavune mwili mzima.

Oga maji ya kawaida au ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Maji ya barafu yanafunga mishipa ya ngozi, joto linabaki ndani. Feni isogeze karibu, ikiwezekana dirisha liwe wazi upande wa pili ili hewa ipite. Shuka la pamba, si la nailoni. Mapishi ya jioni yakifanyiwa nje ya chumba cha kulala, chumba kinapoa mapema.

Chandarua kinapunguza upepo, kweli. Ndiyo maana watu wanakikunja joto likizidi, nami nimewaona baadaye wakiletwa na homa. Mbu wa malaria anauma usiku, saa hizohizo ulizolala. Usikitoe. Tumia cha pembe nne badala ya kile cha duara kinachokubana, kitanue mbali na mwili, na feni ipulize kwa ubavuni. Umeme ukikatika, lowesha khanga, ikamue vizuri, ujifunike miguuni.

Makelele: baa, mkesha, kigodoro, adhana?

Sauti inayojulikana na ya muda mfupi, kama adhana ya Alfajiri, wengi hushtuka kidogo wakarudi usingizini. Inayoumiza ni ile ya kupanda na kushuka bila mpangilio, besi ya spika inayopita ukutani. Hata usipoamka kabisa, ubongo unashtuka na usingizi unakuwa mwepesi. Feni ina faida ya pili hapa kwa sababu mvumo wake unafunika makelele. Kwa kigodoro cha mtaani, nenda kwa mjumbe mchana, kabla ya shughuli, mkubaliane saa ya kuzima. Usiku wa manane hakuna wa kukusikiliza.

Mtoto anachukuliwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri. Alale saa ngapi?

Swali hili linaniuma kuliko yote. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji masaa 9 hadi 11. Ili awe tayari saa kumi na moja lazima aamke saa kumi na nusu. Hesabu tisa kurudi nyuma: anatakiwa awe amelala saa moja na nusu usiku, kabla hata ya taarifa ya habari ya saa mbili. Nyumba ngapi za Dar zinaweza? Basi hilohilo linamrudisha saa kumi na mbili jioni, akiwa na kazi za nyumbani za madaftari manne.

Mtoto aliyepungukiwa usingizi mara nyingi hasinzii kama mtu mzima. Anakuwa mtundu, analia ovyo, hatulii, na mwalimu anamwita mkorofi. Kabla hujamchapa au kumtafutia masomo ya ziada, mpe wiki mbili za kulala mapema umwone. Ikiwezekana chagua shule ya karibu hata kama jina lake si kubwa. Wazazi wa njia moja wanaweza pia kwenda pamoja kuomba basi libadilishe mzunguko, ili wanaochukuliwa wa kwanza alfajiri wawe wa kwanza kushushwa jioni. Mtaani kwetu tuliomba, na watoto wakapata dakika arobaini za kulala mapema. Si nyingi, lakini walibadilika.

Nafanya zamu ya usiku. Mchana silali vizuri hata nikichoka vipi.

Hapo unapigana na saa ya mwili, nayo ina nguvu. Njaa ya usingizi inasema lala, saa inasema ni mchana. Ndiyo maana unaamka saa sita mchana ukiwa umelala masaa manne. Mimi kilichonisaidia ni kuvaa miwani ya jua tangu natoka kazini, kufunga kitambaa cheusi dirishani, na kuwaambia watoto kwamba mlango ukiwa umefungwa mama yuko safarini. Na kabla ya zamu, kulala kwa muda wa saa moja na nusu alasiri. Lakini sitakudanganya kwamba nilikuwa naamka nimepumzika kama waliolala usiku. Ukipata nafasi ya kupangiwa zamu kwa mfululizo badala ya kurukaruka, ichukue.

Na wakati wa mfungo?

Tarawehe inaisha usiku umeingia, daku inakuamsha saa kumi, na usingizi unakatika vipande viwili. Vipande viwili si vibaya vikiunganishwa. Lala mara baada ya Tarawehe, rudi kidogo baada ya Alfajiri kama kazi inaruhusu, na usiiache kailula, ule usingizi mfupi wa mchana. Dakika 20 mchana, kabla ya saa tisa, zinatosha. Ukipitiliza ukafika saa nzima, utaamka na yale mang'amung'amu.

Kahawa, pombe, piritoni?

Kahawa haiondoi njaa ya usingizi, inaificha. Kafeini inakalia mahali ambapo adenosini ingekaa, na nusu yake bado imo mwilini baada ya masaa matano hivi. Vikombe vya kahawa chungu vya kibarazani saa mbili usiku, pamoja na kashata, bado vinafanya kazi saa saba. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ni kafeini hiyohiyo pamoja na sukari.

Pombe inakulaza haraka, kisha nusu ya pili ya usiku inakuvuruga, na inapunguza usingizi wa ndoto.

Piritoni ni dawa ya mzio. Usingizi inaouleta ni madhara yake ya pembeni, na uzito wake unaendelea hadi asubuhi, kwa hiyo unalala na bado huamki umepumzika. Tafadhali, usiwape watoto ili walale.

Mume wangu analala fofofo, anakoroma mpaka nyumba inatikisika. Si ndiyo raha ya usingizi?

Hapana dada yangu. Tunasema mtu amelala usingizi wa pono tukimsifu, lakini msikilize vizuri. Je, mkoromo unakatika ghafla, kimya sekunde kumi, ishirini, kisha anashtuka kama aliyekabwa na kuvuta hewa kwa nguvu? Hiyo ni njia ya hewa kooni inayojifunga. Kila ikijifunga, ubongo unaamka kidogo kuifungua, mara nyingine zaidi ya thelathini kwa saa, na yeye asubuhi hakumbuki hata moja. Dalili nyingine ni kichwa kuuma asubuhi, mdomo mkavu, kukojoa mara nyingi usiku, presha isiyoshuka kwa dawa.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, akilala masaa tisa na kusinzia barabarani. Wote tulimwita mvivu, na mimi muuguzi nikiwamo. Ni shangazi aliyehesabu vile vimya usiku ndiye aliyemwokoa. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe husaidia wengi, na kwa walioathirika sana ipo mashine ya kusukuma hewa puani, iliyotangazwa na Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981. Mwambie aonane na daktari wa masikio, pua na koo. Muhimbili wapo, kwa rufaa.

Nikikabwa na jinamizi ndiyo naamka hoi. Ni uchawi?

Katika usingizi wa ndoto mwili hulegezwa misuli ili usitende unayoyaota. Mara chache akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa, ukajiona umebanwa kifuani, huwezi kupiga kelele. Huja zaidi ukipungukiwa usingizi na ukilala chali. Inapita yenyewe ndani ya dakika chache.

Au nina malale?

Ukiwa hujatoka mjini, hapana. Malale yanaletwa na mbung'o, wa porini na hifadhini, na aina inayopatikana zaidi kwetu huanza na homa kali na kuumwa kichwa ndani ya wiki chache. Kama ulikwenda huko na sasa una homa, mwambie daktari ulikokwenda.

Nimelala masaa nane wiki mbili mfululizo, chumba kimepoa, sikoromi, na saa nne asubuhi bado nimechoka. Nifanyeje?

Nenda hospitali, kwa sababu sasa umeshaondoa kinachoondoleka nyumbani. Hospitali za rufaa za Temeke, Amana au Mwananyamala zinatosha kuanzia. Usiseme tu "nachoka", maana wataandika kipimo cha malaria na kukurudisha. Kuna uchovu wa usingizi, wa macho kujifunga, na kuna uchovu wa mwili au moyo ambao hata ukijilaza husinzii. Wa pili mara nyingi ni upungufu wa damu, hasa kwa wanawake wenye hedhi nzito, au kisukari, tezi ya shingo, au sonona. Wa sonona huamka saa tisa usiku na hawezi kulala tena, na asubuhi ndiyo saa yake mbaya kuliko zote. Hilo nalo ni ugonjwa wenye tiba, liseme.

Kabla ya kwenda, chukua daftari. Kwa siku 14 andika saa uliyozima taa, saa uliyoamka, mara ngapi ulishtuka na kwa nini, ulikunywa nini baada ya saa kumi jioni, na ulivyojisikia saa nne asubuhi, alama 1 hadi 5. Usiiachie kazi hiyo ile saa ya mkononi inayodai kupima usingizi mzito. Saa hiyo inakisia kwa mapigo ya moyo na kutikisika kwa mkono, wakati aina za usingizi hupimwa kwa waya za kichwani. Mlete na anayelala chumba kimoja nawe, kwa kuwa ameona usiku wako na wewe hukuuona.